Jinsi ya kuunga gari la spoti mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani, na mkaguzi asikurudishe

Kwanza tuelewane jina. Huku Uingereza wanaita kit car. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba naunga "gari la kiti" akanyamaza kidogo alafu akauliza, kwani hayo mengine yanakuja bila viti? Tangu siku hiyo mimi nasema gari la kuunga, na humu nitasema hivohivo. Ni gari ambalo chesisi na bodi unanunua mpya kwa kampuni ndogo, vinakuja kwenye maboksi, injini na giaboksi na difu na habu na mazagazaga mengine unatoa kwenye gari moja la zamani, unaunga mwenyewe nyumbani, serikali inakagua, unapewa namba, unaingia barabarani kihalali kabisa.

Wazungu wa hapa wana historia ndefu na hiki kitu. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya magari ya Lotus alitoa Lotus Seven, kagari kadogo kamelala chini, tairi za mbele ziko nje ya bodi, milango hakuna. Enzi hizo gari zima lilikuwa linakatwa kodi ya manunuzi ila vipuri havikatwi, kwahiyo watu wakawa wananunua gari likiwa vipande wanaenda kuunga wenyewe. Wazee wa huku wanapenda kusimulia kwamba sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunga, basi kampuni ikawa inampa maelekezo ya kubomoa, anayasoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Sijui chumvi ni kiasi gani hapo lakini naipenda hiyo stori, na ukifika sehemu ya kuchinja gari utaona kwanini. Mwaka 1973 ikaja VAT ule mwanya ukafa, mwaka huohuo kampuni ya Caterham wakachukua haki ya kutengeneza Seven na mpaka leo unaweza kuinunua kwao ikiwa vipande. Ila ya Caterham ni ghali. Sisi wa mfuko wa kawaida tunachukua chesisi za staili ileile kwa watengenezaji wadogo, tunachinja Mazda MX-5, yaani tunanunua hako kagari ka spoti ka Kijapani kakiwa kazee tunakakwanyua vipuri.

Mimi nimekulia Tanga, mzee alikuwa na gereji na nimekuwa spana boi tangu darasa la tano, ila huku kazi yangu ni ghala, sio ufundi. Nimeunga langu kwa miezi 14, wikiendi na jioni chache, na mpaka namba inafungwa lilikuwa limeshanila kama £12,000 pamoja na zana. Nawajua watu waliotumia nusu yake na wengine mara mbili. Kama unaweza kubadilisha breki pedi na kufungua stata bila kupiga simu kwa mtu basi ufundi unao wa kutosha, kinachowashinda wengi ni mpangilio. Gari nyingi za kuunga zinauzwa zikiwa nusu, mwenyewe kachoka, maboksi yamechanganyika, hajui bolti ipi ya wapi.

Anza na mkaguzi, usianze na spana

Hapa ndo nitakaa sana maana ndo nilipoumia. Gari lako likiisha lazima lipite mtihani unaitwa IVA, unasimamiwa na DVSA, wakala wa serikali wa kukagua magari, ulichukua nafasi ya mtihani wa zamani wa SVA mwaka 2009. Sio MOT ile ya kila mwaka, huu ni mgumu zaidi, mkaguzi anakaa na gari lako masaa mengi anapima mpaka ncha za bolti. Kitabu anachotumia kipo bure kwenye tovuti ya serikali. Kipakue, kisome chote kabla hujanunua hata nati moja, kichapishe, kitundike gereji. Mimi nilikisoma gari likiwa limeshaisha, nikaanza kung'oa vitu nilivyovifunga miezi sita nyuma, mke wangu akawa ananiuliza wewe unaunga au unabomoa.

Nikupe mifano uone aina ya vitu vyenyewe. Kitu chochote cha nje ambacho mtu anaweza kugusana nacho kwa mwendo wa kawaida kisiwe na ncha kali, ukingo uwe wa mviringo angalau milimita 2.5, na anapima kwa kutembeza mpira wa kipenyo cha milimita 100, popote mpira unapogusa panahesabika. Kwahiyo kichwa cha bolti kwenye mkono wa sasapensheni ya mbele kinavalishwa kofia ya plastiki, ukingo wa madigadi unavalishwa raba, brakiti ya taa unaipiga tupa mpaka iwe kama kokoto ya baharini. Taa kubwa za kushusha zisiwe chini ya milimita 500 kutoka ardhini, na kagari kenyewe kamelala hivo, ukipunguza shokapu ili kapendeze unaweza kufeli kwa sentimita moja. Taa ya ukungu ya nyuma iwe katikati au upande wa dereva. Kopo la mafuta ya breki lionyeshe kiwango bila kufungua kifuniko na liwe na taa ya onyo kwenye dashibodi. Spidomita isisome pungufu kuliko mwendo halisi, ikizidisha kidogo hewala. Kelele ya ekzosi mwisho desibeli 99. Usukani ukiuachia kidogo wakati unatoka kwenye kona lazima urudi wenyewe kati.

Na kuna ujanja wa halali ambao kila mtu anautumia. Ukifunga kioo kikubwa cha mbele, mkaguzi anataka waipa, anataka maji ya kuoshea kioo, anataka na hewa ya kuondoa ukungu. Ukienda bila kioo, umefunga vile vioo vidogo vya kukinga upepo tu, hayo yote hayakuhusu. Wengi tunapita hivo, kioo kinakuja baadae. Siku ya mtihani unavaa miwani na unakula wadudu njia nzima ila inalipa.

Gari la kuchinja

MX-5 ndo chaguo la wengi kwasababu injini imelala kwa urefu, nyuma ndo kunavuta, sasapensheni ni huru tairi zote nne, na zimetengenezwa nyingi sana tangu 1989 kwahiyo vipuri viko kila kona. Na kuna uzuri mmoja mtamu: hizi gari zinaoza. Chumvi ya barabarani ya huku inakula zile sehemu za chini ya milango na matao ya tairi za nyuma mpaka gari linafeli MOT na mwenyewe anaona kuchomelea hakulipi. Analiuza kwa bei ya baiskeli nzuri. Wewe bodi hauitaki! Bodi unaitupa skrepa, unachotaka ni kilichomo ndani. Langu nilinunua £900, chini lina matundu unaona lami, injini inaimba.

Usichukue lililogongwa mbele kwa nguvu maana habu na mikono vinaweza kuwa vimepinda kidogo usione kwa macho. Kama ni zile za injini ya lita 1.6 za mwanzo mpaka 1991 angalia puli ya mbele ya krenki injini ikiwaka, kama inacheza achana nayo, zile za mwanzo ncha ya krenki ni fupi na kile kichuma kinachoshikilia puli kinalika. Alafu sio 1.6 zote zina nguvu sawa, za mwanzo zina kama farasi 115, zile za baadae zilizouzwa hapa Uingereza zilipunguzwa mpaka 90 hivi, muuzaji hatokuambia. Ingawa kwenye gari la kilo 600 hata hizo 90 utapiga kelele, MX-5 yenyewe ikiwa nzima inafika karibia kilo 1,000.

Lazima gari lije na kadi yake, ile V5C, na jina la muuzaji liendane. Hili nitarudia mwishoni kwenye mambo ya namba lakini nalisema mapema kwasababu ukinunua injini huku, difu kule, kwa watu tofauti, utajilaumu. Gari moja, kadi moja, risiti moja. Na liendeshe kabla hujalichinja! Kuna watu wanalifungua siku hiyohiyo, baadae giaboksi inasaga namba mbili hawajui ilikuwa hivo au wao ndo wameharibu.

Kuchinja

Toa siku nne nzima, usifanye kwa jioni jioni. Kabla ya kufungua kitu chochote piga picha, alafu piga nyingine ya karibu, alafu nyingine ya mbali inayoonyesha hicho kitu kiko wapi kwenye gari. Nunua mifuko midogo ya plastiki ya kufunga mdomo, kila fungu la bolti na mfuko wake, andika kwa kalamu isiyofutika: "giaboksi kwenye injini, za juu, ndefu". Usiandike "bolti za giaboksi" tu maana ziko za urefu tofauti na ukiweka ndefu kwenye tundu fupi unapasua alumini.

Waya ndo kabisa. Usikate waya hata mmoja. Rudia tena, usikate. Toa wayaringi yote ikiwa nzima kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, hata kama inachukua siku nzima kuipitisha kwenye tundu za bodi, na kila plagi ifunge kikaratasi cha selotepu umeandika inachomeka wapi. Kompyuta ya injini, funguo, na kile kiboksi cha kuzuia wizi kama ni toleo jipya jipya, vyote vikae boksi moja. Ukipoteza kimoja hapo injini haiwaki na kununua kingine hakisaidii.

Kabla hujafungua paipu za petroli ondoa presha kwanza, chomoa rilei ya pampu injini ikiwa inawaka, iache ijizime yenyewe, ndo ufungue. Petroli ikirukia macho sio mchezo. Injini unaitoa kwa juu na kreni ya kukodi, wawili mnatosha, wa tatu wa kushika simu apige picha. Kuna chuma kirefu kinaunganisha giaboksi na difu, kwenye chesisi nyingi za aina ya Seven hakitumiki kwahiyo usikitupe bado, kiuze, wenye MX-5 za mbio wanavitafuta. Kama unaona hii yote ni kazi kubwa, kuna aina nyingine kama Exocet ambayo unabandua bodi ya MX-5 kama unavyovua kofia, injini na vitu vyote vya chini vinabaki kama vilivyo, unashusha chesisi mpya ya mabomba juu yake. Kwa mara ya kwanza ni rahisi zaidi. Mimi nilitaka Seven kwa sababu za moyo tu.

Kila kilichotoka kioshe siku hiyohiyo. Habu na kalipa brashi ya waya, rangi, beringi mpya, bushi mpya. Injini ikiwa nje badilisha taimingi belti na wota pampu na klachi na sili ya nyuma ya krenki, ni hela lakini ukiifanya ikiwa ndani ya chesisi utalia. Alafu nyuma ya silinda hedi kuna kifaa cha kusoma kamu kina oringi ndogo, hizi Mazda za mwanzo nyingi zinavuja oili hapo, oringi ni senti kadhaa, usipoiweka sasahivi baadae mkono hauingii.

Zana na nafasi

Gereji ya nyumba za huku ni nyembamba, yangu upana ni kama mita 2.4 na chesisi ikiwa juu ya stendi napita ubavu. Inatosha. Unachohitaji kweli ni soketi seti nzuri, spana ya toki (ile ya kukaza bolti kwa kipimo) mbili, ndogo na kubwa, stendi nne imara, drili, bunduki ya riveti, na kile kifaa cha kukunja ncha za paipu za breki, hiki usinunue cha bei ya chee nimetupa viwili. Winta ni adui, silanti, ile gundi ya kuzibia, haikauki chini ya nyuzi 5 hivi na vidole vinakufa ganzi unaangusha nati inaingia pasipojulikana. Nilinunua hita ndogo ya umeme. Ya gesi usithubutu kwenye chumba chenye petroli.

Chesisi na alumini

Chesisi ikifika iangalie kabla ya kusaini. Pima mshazari, kona ya mbele kushoto mpaka nyuma kulia, na kinyume chake, namba zifanane. Yangu ilikuja na brakiti moja imechomelewa kichwa chini, walibadilisha ila ilikula wiki tano za kusubiri.

Shuka za alumini zinafungwa kwa silanti na riveti pamoja. Usiweke alumini juu ya chuma kavukavu, maji ya chumvi yakiingia kati vinalana. Weka shuka, toboa tundu mbili za pembeni, zishikize na pini za muda, ndo utoboe zingine, nafasi kati ya riveti na riveti kama sentimita 5 hadi 7. Chora mstari kwa rula kabla, maana riveti zilizopinda utaziona kila ukifungua mlango wa gereji kwa maisha yako yote. Ukimaliza kutoboa toa shuka tena, ondoa vinyuzi vya chuma nyuma ya tundu, paka silanti, rudisha, piga riveti. Ndio, unafanya kazi mara mbili. Usipoondoa vile vinyuzi shuka haikai bapa.

Kabla ya kufunika lile handaki la katikati ya gari, pale giaboksi na propela shafti vinapokaa, pitisha kwanza paipu za breki, za petroli na waya zinazoenda nyuma. Mimi nilifunika nikapiga riveti 60 nikasimama kutazama kazi yangu, nikaona paipu ya breki ya nyuma bado iko ukutani imening'inia.

Sasapensheni, breki

Bolti za sasapensheni ziwe 8.8 kwenda juu, namba imeandikwa kichwani, kama haina namba haifungwi. Nati za nailoni zinatumika mara moja tu, kwahiyo wakati wa kujaribu jaribu tumia nati za kawaida, zile za nailoni ziingie mwisho mwisho. Bushi usizikaze gari likiwa juu ya stendi, zikaze likiwa chini limebeba uzito wake, la sivyo bushi inajikunja muda wote na inakufa haraka. Kila bolti uliyoikaza kwa toki piga mstari wa rangi kati ya nati na chuma. Mkaguzi wangu alipoona ile mistari ya njano alitabasamu, sidhani kama alinipa maksi kwa hilo ila alipumzika.

Paipu za breki tumia shaba-nikeli, inakunjika vizuri na haishiki kutu. Kwa fitingi za MX-5 ncha inakunjwa mara mbili. Usisahau kuingiza nati kabla ya kukunja ncha, kila mtu anasahau, na wewe utasahau. Paipu ishikiliwe na klipu kila baada ya sentimita 30 hivi, isiguse ekzosi, isipite karibu na kitu kinachojongea. Kutoa upepo anza na gurudumu la mbali kuliko yote na masta silinda, msaidizi akanyage taratibu. Kama pedali bado laini kama sifongo angalia kalipa usije ukawa umefunga ya kushoto kulia, ile tundu ya kutolea upepo lazima iwe juu, ikiwa chini utatoa upepo mpaka kesho. Breki za nyuma zisikamate kabla ya za mbele, hili mkaguzi analipima, na kwenye gari jepesi mbele namna hii ndo linapotokea.

Injini na ile siku mbili zilizogeuka wiki mbili

Injini na giaboksi vinaingia pamoja, pua juu, mkia chini, weka kadibodi kwenye shuka za alumini usizikwangue. Propela shafti kwa kawaida inafupishwa kwa mtu wa kazi hiyo, anakata, anachomelea, anabalansi, sio kitu cha kuchomelea uani. Rejeta jaza maji taratibu pua ya gari ikiwa imeinuliwa, upepo utoke.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza toa plagi zote nne, chomoa koili na umeme wa pampu ya petroli, pigisha stata mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndo urudishe vitu uwashe. Mtu wa pili awe na mtungi wa kuzimia moto, amesimama, sio amekaa.

Langu liliwaka nusu sekunde likazima. Tena. Likawaka, likazima. Siku mbili nikabadilisha filta ya petroli, nikabadilisha pampu, nikaanza kuishuku kompyuta. Ikapita wiki, ikapita ya pili, hasira imenijaa nikawa sifungui hata mlango wa gereji. Mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, akaja na kikombe cha chai akaniambia niwashe tena, akasikiliza, akauliza mita ya hewa iko wapi. Ngoja nieleze maana ukichinja 1.6 na wewe yatakukuta. Kwenye hiyo injini, ukiwa unapiga stata pampu ya petroli inapewa umeme moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, anayeendelea kuipa umeme ni kile kibawa ndani ya mita ya hewa, injini ikivuta hewa kibawa kinafunguka, swichi ndogo inagusa, pampu inaendelea. Sasa mimi ile paipu ya raba kati ya mita na injini nilikuwa sijakaza klipu ya nyuma. Injini ikawa inavuta hewa kupitia hapo pengoni, kibawa hakijui habari yoyote, pampu inazimwa. Klipu moja ya pauni moja! Kama unataka kuhakikisha haraka, kwenye kile kiboksi cha vipimo cha MX-5 kuna tundu limeandikwa F/P na lingine GND, ziunganishe kwa kawaya fungua swichi, pampu itanguruma yenyewe bila kungoja mtu. Gari likiwaka hivo na bila hivo haliwaki, tatizo lako ni hewa, sio petroli.

Waya zenyewe wala sina mengi. Wayaringi ya MX-5 ni ndefu kuliko gari jipya, usifupishe mpaka kila kitu kimewaka, taa, honi, indiketa, feni, geji. Ndo uondoe usizohitaji mmoja mmoja, ukiondoa mmoja unawasha gari. Erthi piga msasa mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga, chesisi ya kupakwa rangi ya unga haipitishi umeme.

Siku ya mtihani

Peleleza gari lako mwenyewe na kile kitabu, ukurasa kwa ukurasa, ukiwa na mpira wa milimita 100 mkononi. Mimi baada ya kubomoa bomoa nilienda nikafeli mara ya kwanza kwa vitu vitatu: kofia moja ya bolti ilidondoka njiani, kioo cha pembeni hakina alama ya E ya kuonyesha kimeidhinishwa, na usukani haurudi. Huo wa usukani niliutibu kwa kuongeza kidogo pembe ya kasta, yaani kulalia nyuma kwa habu za mbele, na upepo wa tairi za mbele. Unarudi kwa yale tu uliyofeli. Kabla ya yote lipeleke kwa mtu akupimie alaimenti na apime moshi, na beba ushahidi wa umri wa injini maana umri huo ndo unaoamua kipimo cha moshi. Namba ya chesisi iwe imegongwa kwenye chuma. Nenda na trela kama unaweza kuazima, ingawa sheria inaruhusu kuendesha mpaka kituoni kama una miadi na bima iliyoandikwa kwa namba ya chesisi. Beba kofia za bolti za akiba, selotepu, kitambaa na msasa.

Ukipita, makaratasi yanaenda DVLA, ofisi ya kusajili magari, fomu V55/5 na V627/1 na risiti zote na picha. Hapo ndo ile kadi ya gari lililochinjwa inapofanya kazi: ukithibitisha kwamba vipuri vikubwa viwili vimetoka gari moja na chesisi ni mpya ya kiwandani unapewa namba inayoendana na umri wa lile gari. Ukishindwa kuthibitisha unapewa namba ya Q, inayomaanisha gari halijulikani asili yake, na bima na mnunuzi wote wanakukunjia uso.

Ndugu wananiuliza nitaipeleka lini nyumbani. Bongo kuna kodi ya uchakavu, na hata ikifika, chini yake kuna nafasi ya ngumi mbili tu, tuta la kwanza pale Kabuku lingeondoka na sampu ya oili. Inabaki huku.

Baada ya maili 100 za kwanza ipandishe tena stendi ukaze upya kila bolti yenye mstari wa njano, uone mstari upi umeachana. Mimi nilikuta miwili, yote ya mkono wa nyuma kulia, ile niliyofunga usiku wa derby ya Simba na Yanga huku simu iko juu ya tairi.